Swali la Muuguzi Mlangoni pa Eksirei

Mwaka 1956, Daktari Alice Stewart wa Oxford, Uingereza, alionyesha kuwa watoto ambao mama zao walipigwa picha za tumbo wakati wa ujauzito walipatwa na saratani kuliko wenzao. Kubandika onyo mlangoni, kwa maoni yangu, hakutoshi. Msichana aliyefuatana na babaye hatasema kweli mbele yake. Muuguzi na amwite kando, amwulize hedhi ya mwisho aliipata lini. Wala mjamzito anayekohoa damu asirudishwe nyumbani bila picha: eksirei ya kifua humfikishia mtoto mionzi isiyozidi miligrei 0.01, ilhali kasoro za maumbile hazijaonekana chini ya miligrei 50. Kifua kikuu, kinyume chake, hakimsubiri ajifungue.