Leta Kuukuu, Ongezea, Chukua Mpya

Wauza pikipiki wa mjini wametuzoea vibaya. Ukipita mbele ya duka, kijana mwenye fulana ya kampuni anakupungia mkono usimame, na kabla hujazima injini keshainama kuangalia moshi. "Kaka, hii umeichosha. Leta tuipokee, unaongezea kidogo, unaondoka na mpya leo leo." Sisi madereva wa bodaboda wa Mbagala tumeyasikia hayo mpaka tumeyakariri. Leo na sisi tunaomba kusikilizwa, maana kwenye hiyo "kidogo" ndiko kwenye kesi.

Pikipiki zetu zimechoka, hilo halina ubishi. Boxer iliyopakia abiria wawili na gunia la mkaa kwenye mashimo ya Chamazi na Mbande mwaka baada ya mwaka haiwezi kubaki na injini ya siku ya kwanza. Ringi zimeisha, inakunywa oili, asubuhi haiwaki mpaka uipige kiki jasho likutoke. Abiria nao wana macho. Wakishuka daladala pale Rangi Tatu, kabla ya kuuliza bei wanaangalia siti, wanaangalia tairi, halafu wanampita aliye mbele ya foleni wanakwenda kwa dogo mwenye TVS ambayo tangi lake bado lina nailoni ya dukani. Kijiwe kina utaratibu na mwenyekiti, lakini abiria si mwanachama, huwezi kumpiga faini.

Trafiki hali kadhalika. Akitaka wa kumsimamisha anachagua inayotoa moshi, isiyo na kioo cha pembeni, yenye indiketa moja. Bajeti ya mwaka 2021 ilishusha faini ya kosa moja kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na tulishukuru. Ila elfu kumi kwa wengi wetu ndiyo hesabu nzima ya siku, na pikipiki kuukuu haikosi makosa mawili.

Kwa hiyo uzuri wa mpya haubishaniwi. Ugomvi ni wa hela, na unaanza pale pale unapokubali kuizima pikipiki yako wakaiangalia. Yule aliyekuwa anakuita kaka sasa anamwita fundi wake. Fundi anaipiga kiki, anatikisa usukani, anaguna. Anashika cheni, anaguna tena. Dakika chache baadaye unaambiwa laki sita, kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Pikipiki hiyo hiyo ukiifikisha Kibiti au Mkuranga mtu anakutolea milioni na usheee, haulizi moshi, anauliza kama inavuka mto mkavu na nazi mia. Na ukiwa na subira ya kungoja minada ya korosho ifunguliwe, kuanzia mwezi wa kumi hivi, hela ikishaingia mikononi mwa wakulima wa Lindi na Mtwara, kuukuu yako inapanda thamani bila hata kuoshwa. Wenye maduka wanalijua hilo kuliko sisi. Unadhani zile wanazopokea kwa laki sita huwa wanazipeleka wapi?

Sasa mtu atauliza kwa nini kila mmoja asiipeleke mwenyewe huko kusini. Ndugu yangu, kuna kadi.

Wengi wetu pikipiki tulizipata kwa tajiri, kwa mkataba wa maneno au wa karatasi moja ya daftari. Hesabu tulimaliza, tukapeana mikono, tukanywa soda, na kadi tukakabidhiwa ikiwa na jina lake. Kuhamisha umiliki TRA kunataka yeye awepo, au angalau TIN yake, namba yake ya NIDA na mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili. Huyo tajiri amehamia Tabora, au alikuwa amenunua kwa mwingine ambaye naye hakubadilisha, au amefariki na watoto wanagombania mirathi. Unabaki na pikipiki uliyoilipia mpaka senti ya mwisho lakini kwenye karatasi ni ya marehemu. Dukani wanaitumia hiyo kukushusha bei: "Kadi si yako, kaka, tunakusaidia tu." Laki sita inakuwa nne na nusu. Mkulima wa Kibiti naye siku hizi ameshtuka, anataka jina lifanane na kitambulisho.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Yupo mwenzetu aliyeacha kuukuu yake dukani akaongezea hela akaondoka na mpya. Duka likaiuza ile kuukuu kimya kimya, umiliki haukuguswa. Vishandu walipokwapua pochi ya dada mmoja, watu wakashika namba za pikipiki, na aliyeitwa kituoni ni mwenzetu, kwa sababu jina ni lake. Alijieleza siku mbili. Lile duka lilipopigiwa simu likasema halikumbuki. Halafu wanatuambia biashara ya kupokezana ni ya haraka na haina usumbufu. Kwao, ndiyo.

Tuje kwenye kuongezea. Taslimu, Boxer au TVS mpya inacheza kwenye milioni mbili na nusu hadi tatu, inategemea ukubwa wa injini na duka. Mtu wa kijiwe mwenye fedha hiyo mkononi kwa mkupuo simjui, na nikimjua nitamwomba mkopo. Tunakwenda kwenye mkataba. Chukua mfano wa elfu sabini kwa wiki kwa miezi kumi na tano. Hizo ni wiki 65, yaani shilingi 4,550,000 kwa pikipiki ambayo jirani mwenye fedha taslimu ameichukua kwa milioni tatu. Na ile kuukuu yako ya laki sita? Inaitwa kianzio. Ukidhani wiki zitapungua au hesabu itashuka, unaonyeshwa mstari mdogo chini: kianzio ni ada ya kuingia. Pikipiki uliyohangaika nayo miaka mitano imegeuka kiingilio cha mlangoni.

Mstari wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hakimu anasoma hukumu kwa Kiswahili, lakini dereva wa Kongowe anasainishwa kurasa sita za Kiingereza akiwa amesimama kaunta, helmeti kwapani, nyuma yake wengine wanasukumana. Ndani ya kurasa hizo kuna kifaa cha GPS kinachofungwa chini ya siti. Ukichelewesha hesabu, pikipiki inazimwa kutoka ofisini. Tunaelewa kwa nini wameweka, wezi wapo na wakimbiaji wa madeni wapo pia, na kuna wenzetu waliovuka nazo mpaka Tunduma. Ila mgonjwa naye anazimiwa. Msiba nao unazimiwa. Mwezi wa mvua kubwa, barabara za ndani zikiwa bwawa, hesabu inadaiwa kama kiangazi.

Anayekwepa mkataba anaangukia mikopo ya kausha damu, na huko hatuelezi mengi, jina linajitosheleza. Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ingetufaa sana. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa madudu yaliyokuwamo, ikarudishwa mwaka uliofuata. Vikundi vya bodaboda vimeandika maombi, vimefungua akaunti, vimepiga picha za pamoja. Wenye bahati wamepata. Wengine bado wana picha.

Basi ukiona hivyo unarudi kwa fundi uitengeneze hiyo hiyo. Hapo nako tuseme kweli. Fundi hajawahi kumshauri mtu auze pikipiki inayomlisha fundi. Atakuambia tufungue injini, tubadilishe bloku, pistoni na ringi, tusage valvu, itakuwa mpya. Kwa laki mbili hadi tatu na kitu, spea zikiwemo, na ikifanywa kwa uaminifu kweli inapona. Lakini spea! Kariakoo boksi moja lina nembo ya India, bei mbili, na muuzaji anaapa kwa wazazi wake kwamba zote ni orijino. Seti ya cheni iliyokuwa inavumilia mwaka sasa inalegea kabla ya Pasaka. Klachi unafunga Jumatatu, Ijumaa inateleza. Ukimrudia fundi anakuambia ni wewe unavyoendesha.

Wazee wa kijiwe husema za zamani zilikuwa chuma. Kuna chumvi, ila hawajakosea sana. Honda walipotoa CG125 mwaka 1976 walikusudia mtu asiyefanya sevisi, ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fimbo badala ya kuendeshwa na cheni ya ndani inayolegea. Wachina waliuiga muundo huo, na ndio uliojaa kwenye SanLG na ndugu zake zilizotuingiza wengi kwenye kazi hii. Fundi wa chini ya mwembe aliifungua kwa spana tatu. Sasa zinakuja zenye mfumo wa kupulizia mafuta kwa umeme badala ya kabureta. Zinakula mafuta kidogo, na kwa bei ambazo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hilo si jambo la kudharau. Zikigoma njiani Mbande, hata hivyo, zinataka kompyuta, na kompyuta iko mjini.

Na kama hayo hayatoshi, tunaambiwa za petroli zenyewe zinaondoka. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubebea abiria haisajiliwi kama si ya umeme. Huku kwetu za umeme tunaziona moja moja, hazipigi kelele, oili hazitaki, na mwenye nayo anacheka kila tunapopanga foleni sheli. Ila betri ikikaribia kuisha Chanika saa nne usiku, unaibadilisha wapi? Na betri ni mali ya nani, yako au ya kampuni unayoilipa kila unapobadilisha? Sisi tunaogopa jambo moja: kusaini wiki 65 za petroli leo, halafu katikati ya mkataba upepo ugeuke, tubaki tunalipa deni la kitu ambacho hata mkulima wa korosho hakitaki. Serikali ikiwa na mpango wa aina hiyo, iuseme mapema na iutaje mwaka. Mtu anayepanga hesabu kwa wiki hawezi kupanga maisha kwa tetesi.

Kijiweni ubishi huu hauishi, lakini kwa kulalamika pamoja tumefikia mambo machache tunayokubaliana. Injini ikifa isikutishe, injini inatengenezeka. Chesisi ndiyo ya kuangalia. Ikishapasuka karibu na mkono wa gurudumu la nyuma, ikachomelewa, ikapasuka tena pale pale, hiyo achana nayo, kwa sababu siku itakapokatika utakuwa na mama na mtoto nyuma yako. Hapo badilisha, hata kama bei inauma. Kama chesisi ni nzima, fungua injini, nunua tairi nzuri, weka kioo na indiketa, shona siti, na ile elfu sabini ya wiki weka kwenye kikoba kana kwamba una mkataba na mtu mkali. Kwa miezi tisa hadi kumi unafikisha milioni mbili na nusu au zaidi, ukiongeza na kuukuu yako uliyoiuza mwenyewe kusini, unaingia dukani na taslimu. Wapo watakaosema hiyo nidhamu haipo. Mbona kwa tajiri ipo? Wiki sitini na tano tunamlipa mtu mwingine bila kukosa.

Na kabla ya hayo yote, kadi. Kama tajiri wako bado yuko hai na anapokea simu, mfuate wiki hii mkamalize TRA. Usingoje mpaka uwe unauza.

Kwenu wenye maduka, hatuwaombi mtupe bure. Bandikeni bei tatu mahali zinaposomeka: ya taslimu, jumla ya mkataba mpaka mwisho, na ya kupokelea kuukuu kwa mwaka wake. Kianzio kikatwe kwenye deni. Mkataba uwe wa Kiswahili na dereva apewe nakala aende nayo nyumbani akaisome usiku mmoja kabla ya kusaini. Na pikipiki mliyoipokea ihamishwe jina kabla mwenyewe hajatoka getini. Duka la kwanza kufanya hivyo Mbagala nzima litatuona sote, na kuukuu zetu tutazileta wenyewe bila kupungiwa mkono.