Usukani Mzito Si Hukumu ya Pampu
Hoja iliyochapishwa hivi karibuni, kwamba usukani wa gari kuukuu ukiwa mzito au ukilia dawa yake ni kununua pampu nyingine, inaruka hatua nzima ya uchunguzi. Pampu ya stelingi, yaani chombo kinachosukuma oili kwa shinikizo ili kumpunguzia dereva kazi ya kugeuza magurudumu, huzungushwa na mkanda wa injini. Mkanda huo ukilegea, hata pampu isiyo na kasoro hukosa nguvu, na mlio husikika zaidi usukani unapokatwa hadi mwisho. Oili yenye povu huonyesha kuwa hewa imeingia, mara nyingi kupitia mpira wa kuvutia oili uliopasuka au klipu yake iliyolegea, na pampu mpya ikifungwa hapo italia vilevile. Ajabu ni kwamba hoja hiyo haitaji hata upepo wa matairi, ambao ukipungua nao hufanya usukani uwe mzito. Katika Toyota Corolla za miaka ya 1990, ambazo stelingi zake hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki, uzito wa upande mmoja tu huelekeza kwenye reki, yaani mtaimbo wenye meno unaosukuma magurudumu, pamoja na vali na sili zake, kwa kuwa pampu huhudumia pande zote mbili na haiwezi kuchagua mmoja.