Upole Nao Hufundishwa



Wapendwa waamini, mpaka wetu wa Tunduma ni mahali pa kusubiri. Kituo cha pamoja cha forodha baina yetu na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili kuharakisha huduma. Hata hivyo, uchovu wa safari haukomi. Dereva, mlinzi wa geti, karani wa dirishani: neno moja la dharau latosha kuwasha moto.

Wengi hudhani kwamba kutuliza ugomvi ni karama ya wachache. Sivyo. Ni ujuzi unaofundishika: kushusha sauti, kusikiliza bila kukatiza, kusimama kwa umbali wa kutosha, kutojizibia njia ya kutokea, na kujua saa ya kuondoka na kuita msaada. Abigaili, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, alimkabili Daudi na watu 400 wenye panga kwa chakula na maneno yaliyopimwa; damu haikumwagika.

Nchi yetu inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwajiri anayenunua kofia ngumu na buti, kisha akamwacha mlinzi wake bila mafunzo ya kumkabili mtu mwenye hasira, ametimiza nusu tu ya wajibu wake. Tena, upole si kukubali kupigwa. Uhai wa mfanyakazi wapita thamani ya mzigo wowote anaoulinda.

Ninyi wenye maghala, maduka na mabasi, watengeeni watu wenu siku ya mafunzo kabla ya siku ya msiba. Hasira, hasara.