Kagere alitoka Simba, Sowah kaenda Simba: Singida inabaki na nini?

Mabao 13 ya Ligi Kuu ndani ya nusu msimu. Hiyo ndiyo hesabu ya Jonathan Sowah, straika Mghana aliyetua Singida Black Stars dirisha dogo la Januari 2025. Julai 2025 Simba ikamchukua.

Mashabiki wa Walima Alizeti wameumia, ila hawajashangaa. Straika akianza kuwaka pale Liti, watu huanza kuhesabu siku.

Miaka mitatu nyuma gari lilikuwa linakwenda upande wa pili. Meddie Kagere alitoka Msimbazi na kuja Singida akiwa na viatu viwili vya mfungaji bora. Anayetaka kuelewa biashara ya washambuliaji nchini, na nafasi ya Singida ndani yake, aanze na safari ya jamaa huyo.

Kagere alizaliwa Uganda mwaka 1986, lakini jina alilitengeneza Rwanda akiwa na Kiyovu, Police na Rayon Sports, hadi akavaa jezi ya Amavubi. Katikati alionja Tunisia kwenye timu ya Zarzis na Albania akiwa na KF Tirana. Huko hakudumu.

Kenya ndiko mambo yalikonyooka. Mwaka 2015 alikuwa Gor Mahia iliyobeba ubingwa bila kupoteza mechi, akicheza na kijana mmoja anaitwa Michael Olunga. Juni 2018, mjini Nakuru, Gor iliifunga Simba 2-0 kwenye fainali ya SportPesa Super Cup na Kagere akatupia moja. Zawadi ya ushindi ule ilikuwa kwenda Uingereza kucheza na Everton. Kagere hakwenda. Gor ilipoingia Goodison Park Novemba mwaka huo, yeye alikuwa tayari mchezaji wa Simba, timu aliyotoka kuifunga.

Alikuwa na miaka 31. Kwa umri huo straika wengi wa kwetu wanaanza kuitwa wazee. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kula matunda.

Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, mfungaji bora. Msimu uliofuata 22, mfungaji bora tena. Katikati kuna siku ya Februari 12, 2019. Simba ilikuwa imetoka kupigwa 5-0 na AS Vita, kisha 5-0 na Al Ahly. Waarabu wakaja Dar es Salaam wakijua kazi imeisha, Kagere akawafunga bao pekee la mchezo. Simba ikaishia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Akishangilia kwa kuziba jicho moja, watoto mtaani nao wanaziba.

Hapo ndipo inapokuja sehemu ambayo mashabiki wengi huisahau. Kagere hakuporomoka ghafla, ila nafasi yake ilifinywa. Chini ya Patrick Aussems, Simba ilikuwa na uwezo wa kumwanzisha yeye, Emmanuel Okwi na John Bocco kwa pamoja. Makocha waliofuata walipenda mshambuliaji mmoja mbele, nyuma yake viungo wa kuchezea mpira. Msimu wa 2020/21 Bocco alifunga 16, Chris Mugalu 15 na Kagere 13. Jumla ni mabao 44 kwa watu waliokuwa wanagombea kiti kimoja. Mabao 13 kwa mtu wa kuingia na kutoka si haba, lakini Simba jicho liko kwa anayeongoza.

Katikati ya 2022 akaondoka. Singida Big Stars, iliyokuwa imepanda daraja kwa jina la DTB, ilikuwa inamwaga fedha. Ilikuwa na kocha Hans van der Pluijm, Wabrazili kadhaa na sasa Kagere. Kwa mji wenye njia panda ya Dodoma, Mwanza na Arusha, ambako mabasi husimama abiria wale na kuondoka, ilikuwa mara chache staa kushuka na mabegi yake.

Ukweli usemwe: Singida haikumpata Kagere wa mabao 23. Msimu ule kiatu kiligawanywa kati ya Fiston Mayele na Saidi Ntibazonkiza, mabao 17 kila mmoja, na Kagere hakuwa kwenye mbio hizo. Hata hivyo timu ilimaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa klabu iliyotoka tu kupanda, uzoefu wake ulikuwa na kazi yake hata siku ambazo nyavu hazikutikisika.

Halafu klabu yenyewe ikaondoka! Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate, ikatolewa Afrika na Future ya Misri, ikahama mkoa, na leo ni Fountain Gate ya Babati, Manyara. Kagere naye akatua Namungo ya Ruangwa, Lindi. Pengo la Singida likazibwa na Ihefu, iliyohamishwa kutoka Mbarali na kubatizwa Singida Black Stars. Kabla ya hao wote ilikuwapo Singida United, iliyocheza fainali ya FA mwaka 2018 na kushuka daraja miaka miwili baadaye.

Hivyo kumlaumu Sowah kwa kwenda Simba ni kumwonea. Straika anaishi kwa miaka michache ya ubora, na Kagere ameonyesha kuwa hata mfungaji bora wa misimu miwili mfululizo anaweza kujikuta benchi kocha akibadili mfumo. Ukiitwa, unakwenda.

Wa kuulizwa ni viongozi. Klabu kuuza straika si dhambi. Ishu ni je, fedha ya Sowah itatafuta kijana wa kukaa misimu mitatu, au itanunua jina lingine la miezi sita? Na klabu yenyewe itakuwapo Singida kumwona?

Black Stars ilimaliza ya nne mwaka 2025 na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho, hapo hapo ilipokuwa Big Stars mwaka 2023. Safari hiyo ilikwenda bila mfungaji wake.