Safari ya Mwaka Huu Iwe Caraquet

Wazazi wenzangu, na nyinyi watoto wetu,

Kila ukifika wakati wa kupanga safari ya shule, tunarudia mjadala uleule. Wazazi wanataka ufukwe wa Shediac kwa kuwa uko karibu. Watoto wanataka kwenda kwenye michezo ya maji. Mwaka huu nina pendekezo lingine, na naomba mnisikilize hadi mwisho: twendeni Caraquet, na twende tarehe 15 Agosti.

Caraquet ni mji mdogo wa wavuvi kaskazini-mashariki mwa New Brunswick, kwenye Ghuba ya Chaleur. Kutoka hapa Moncton ni mwendo wa karibu saa tatu kwa gari. Nyumba zake zimejipanga kando ya barabara ndefu inayofuata pwani, na chaza wake wanasifiwa mbali. Ukiingia dukani, ukishuka bandarini au ukipita wanapocheza watoto, lugha utakayoisikia ni Kifaransa. Tumezoea kuona hilo ni jambo la kawaida. Ukiijua historia yake, utashangaa kwamba lugha hiyo bado ipo.

Waakadia ni wazao wa walowezi wa Kifaransa walioanza kufika pwani hizi mwaka 1604. Mwaka 1713 Ufaransa iliikabidhi Uingereza sehemu kubwa ya nchi yao. Mwaka 1755, walipokataa kula kiapo cha utii kisicho na masharti, jeshi la Uingereza lilianza kuwakamata na kuwapakia melini. Hadi kufikia 1763, watu zaidi ya 10,000 walikuwa wamehamishwa kwa nguvu. Vijiji vilichomwa moto, na ndugu wengi walipotezana wasionane tena. Waliofanikiwa kutoroka walijificha misituni na kwenye pwani za kaskazini. Mmoja wao alikuwa Alexis Landry, anayekumbukwa kama mwanzilishi wa Caraquet. Mahali alipozikwa, panapoitwa Sainte-Anne-du-Bocage, pana kanisa dogo katikati ya miti, hatua chache kutoka baharini.

Watoto, hebu jiulizeni: jina la mji wetu limetoka wapi? Moncton umepewa jina la Robert Monckton, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyeshiriki kuwafukuza Waakadia. Hata chuo kikuu cha Kifaransa cha hapa, kilichoanzishwa mwaka 1963, kinaitwa kwa jina hilohilo. Wajukuu wa waliofukuzwa wanapata shahada zao chini ya jina la aliyewafukuza, na wanazipata kwa Kifaransa.

Mwaka 1871 serikali ya New Brunswick ilipitisha sheria ya shule iliyoondoa mafundisho ya dini darasani na kuwatoza watu wote kodi ya shule. Waakadia, ambao ni Wakatoliki, waliona shule zao, pamoja na dini na lugha yao, zinanyang'anywa. Caraquet ilikataa. Januari 1875 walitumwa askari na watu wa kujitolea wenye silaha kwenda kuwakamata waliopinga. Risasi zikafyatuliwa ndani ya nyumba moja, na watu wawili wakafa: John Gifford, aliyekuwa upande wa serikali, na Louis Mailloux, kijana wa Kiakadia mwenye umri wa miaka 19. Mwaka huohuo serikali ililegeza masharti.

Sisemi watu wafe kwa ajili ya shule, Mungu atuepushie. Nasema tu kwamba wakati mwingine Jumamosi asubuhi mtoto wangu anapolalamika, "Baba, leo Kiswahili tena?", namfikiria huyo kijana wa miaka 19.

Tena kuna deni. Familia nyingi za shule yetu zimetoka Kongo na Burundi, na zilichagua mkoa huu kwa sababu hapa mtoto anaweza kusoma kwa Kifaransa kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Haki hiyo haikuletwa na upepo. Ilipiganiwa na watu wa miji kama Caraquet. Mwaka 1960 Louis Robichaud akawa Mwakadia wa kwanza kuchaguliwa kuwa waziri mkuu wa mkoa, na mwaka 1969 serikali yake ikapitisha sheria ya kukifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Hesabuni wenyewe: kutoka 1755 hadi 1969 ni miaka 214. Muda wote huo lugha ilikuwa inalindwa na akina mama jikoni, mababu kwenye mashua na watoto wanaotumwa dukani.

Najua yupo atakayesema, "Wale wana ardhi yao, wana sheria na shule zao. Sisi ni wageni wachache, na Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji Afrika. Hakitakufa kwa sababu ya watoto wetu." Ni kweli, Kiswahili hakitakufa. Kitakachokufa ni Kiswahili cha nyumba yako. Mamilioni walioko Dar es Salaam, Mombasa na Bukavu hawawezi kuja kuongea na mwanao mezani usiku. Siku bibi atakapopiga simu na mjukuu akabaki kusema "shikamoo" tu na kukurudishia simu, wale mamilioni hawatakusaidia kitu.

Kuna jambo lingine la kujifunza kwa Waakadia. Kwa miaka mingi Kifaransa chao kilichekwa, kwa sababu kina maneno ya zamani na lafudhi ya wavuvi. Kisha mwandishi wao, Antonine Maillet wa Bouctouche, akaandika riwaya kwa lugha hiyohiyo ya nyumbani, na mwaka 1979 akapewa Goncourt, tuzo kubwa ya riwaya ya Ufaransa. Alikuwa Mkanada wa kwanza kuipata. Sisi wazazi tuna tabia ya kumcheka mtoto akisema "kitabu yangu". Akichekwa mara tatu, ananyamaza moja kwa moja. Msahihishe kwa upole, lakini muache aongee.

Sasa, kwa nini tarehe 15 Agosti? Kwa Wakatoliki ni sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, na mwaka 1881 Waakadia waliichagua kuwa siku ya taifa lao. Caraquet huifanyia tamasha linaloanza siku nyingi kabla. Siku yenyewe watu hujaa barabarani, nyuso zimepakwa rangi za bendera yao, bluu, nyeupe na nyekundu, pamoja na nyota ya njano. Wanapiga sufuria, mifuniko, filimbi, honi na chochote kinachotoa sauti. Wanaiita Tintamarre, yaani makelele. Maana yake ni moja: mlitaka tupotee, na bado tupo.

Kabla ya makelele tutapita kwenye Village Historique Acadien, kijiji cha makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1977 nje kidogo ya mji. Nyumba za zamani zilihamishwa kutoka sehemu mbalimbali za mkoa na kusimamishwa pale, na wenyeji waliovaa mavazi ya zamani wanasuka, wanapika na kufua chuma mbele yako. Watoto wataruhusiwa kuuliza maswali. Ushauri kwa familia za Kiislamu: vyakula vingi vya Kiakadia vina nyama ya nguruwe, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuagiza, au tubebe chapati na maharage yetu.

Mwaka jana nilikwenda na wanangu. Wakati wa kurudi, yule mdogo aliniuliza, "Na sisi tuna siku yetu?" Tunayo. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Mwaka jana hapa tuliiadhimisha kwa soda na hotuba mbili, kisha tukarudi nyumbani.

Kwa hiyo ombi langu ni mawili. Tarehe 7 Julai tuongee Kiswahili kwa sauti, hata kwenye basi na dukani, bila kuona haya. Na tarehe 15 Agosti twende tukawaone waliotutangulia katika kazi hii. Mwacha asili ni mtumwa, na wale wamekataa utumwa huo kwa miaka mingi kuliko umri wa babu zetu.

Jiandikisheni kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kila mtoto aje na sufuria moja na mwiko.