Habari ya kodi ianze kwa Kiswahili

JICHO LA KAMPEMBA
Na Kalenga Mwamba

Ukigusia RTNC, redio na televisheni ya Serikali, mbele ya wasomi wetu, watakuambia jambo moja: ukitaka kumfikia mama muuza makala wa Bongonga, ushushe kiwango. Mimi nawakatalia, na ushahidi ninao hapa hapa Lubumbashi.

Kundi la maigizo la Mufwankolo lilipokuwa likicheza redioni na kwenye televisheni, miaka ya 1970 na 1980, nani alibaki nje? Mfanyakazi wa migodi ya Gécamines aliyeishia darasa la nne alicheka, profesa wa chuo kikuu naye akacheka. Kiswahili kilikuwa cha mitaani, Kifaransa kikichomoza humo kila mara, lakini waliyoyasema juu ya wakubwa, pesa na ndoa yalikuwa mazito. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa nao kwenye mazoezi mwaka 1986, akaja kutoa kitabu kizima, Power and Performance, mwaka 1990. Utani mtupu haumpi mtu kitabu.

Msikilizaji asiyesoma hutupwa nje na tangazo la ofisi lililoandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria, ambalo mtangazaji analigeuza Kiswahili mbiombio kabla ya habari. Juzi, kwa mshonaji mmoja wa Bel-Air, redio fulani ilisoma tangazo la kodi la namna hiyo. Baba wa watu akasimamisha mashini, akamwita kijana aliyekuwa akipita na madaftari kwapani: "Mwanangu, wanasema tukalipe wapi?" Kijana wa watu, pamoja na diploma yake ya Serikali, hakuwa ameelewa vilevile.

Huyo kijana angalau ana simu, na humo ana redio ya RFI. Mshonaji, SNEL ikikata umeme, amebaki na redio ya betri. Redio ya Serikali, inayoishi kwa fedha za wote, ianze na huyo. Katiba ya 2006 inaitaka Serikali iziendeleze lugha za taifa bila ubaguzi, na kusoma tafsiri kwa haraka sioni kama ni kuziendeleza. Mhariri wa Kiswahili apewe habari asubuhi, apige simu ofisini aulize nani analipa, faranga ngapi, kwenye dirisha gani, aiandike mwenyewe. Kifaransa kitafsiriwe kutoka kwake. Profesa atasikiliza tu. Kodi yenyewe naye anadaiwa.