MBEGU YA MUHOGO MCHUNGU IFUNGWE PEKE YAKE



Mvua zimekaribia na shamba la ushirika linataka mbegu. Juzi nimekuta mafungu ya vijiti vya muhogo yamerundikwa chini ya mwembe, mchungu na mtamu pamoja, hakuna anayejua upi ni upi. Jamani, hili mimi katibu wenu siwezi kulinyamazia.

Wapo wasemao uchungu ni wa udongo tu. Hiyo ni nusu ya kweli. Ukame unazidisha sumu, ndiyo. Lakini asili yake imo kwenye mbegu. Muhogo tunapanda kijiti, na kijiti ni mwili wa mama yake. Mama mchungu huzaa mchungu, umpande mchangani au bondeni. Wataalamu waliochunguza mihogo ya Brazil na ya Afrika walichapisha mwaka 2021 kwamba sehemu mbili katika urithi wa mmea zina nguvu kubwa kwenye wingi wa sumu ya sianidi ndani ya muhogo. Basi si uchawi wala mkono mbaya wa mpandaji.

Vijana wanasema, ing'olewe yote! Nakataa. Mchungu ndio akiba yetu ya njaa kule kando ya msitu, ambako mtamu nguruwe wanaumaliza kabla yetu. Ila mchungu una masharti: unamenywa, unalowekwa siku 3 au 4 mpaka ulainike, ndipo unaanikwa hadi ukauke kabisa. Mtu akidhani ni mtamu, ataruka hayo yote, na jioni anasonga bada kwa wanawe.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoa wa Mara, ukame ulibana, watu wakaharakisha muhogo mchungu, na wengine wakapooza miguu. Ugonjwa huo ni konzo. Unawapata zaidi watoto na akina mama, na miguu ikishapooza hairudi kama zamani. Tusiseme Mara ni mbali. Ukame hata huku kwetu unakuja.

Maoni yangu ni haya. Kila mwenye kuleta mbegu aseme mbele ya mwenyekiti wa shamba ni ya aina gani. Mchungu ufungwe kwa kamba ya ukindu, mtamu kwa gome la mti, na ghalani vikae mbalimbali. Shambani mchungu upandwe upande wa msitu, mtamu upande wa njia. Asiyejua mbegu yake asiilete.

Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Marehemu mama hakusoma kabisa, lakini mbegu zake hakuzichanganya hata siku moja: mtamu karibu na nyumba, mchungu msituni. Sisi tunaosoma tusishindwe na yeye.

Mwenye mawazo mengine alete Jumamosi mkutanoni.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji